Juu ya Mstari

Popo aliitwa Popo kwa sababu ya mapaa. Kwa miaka kumi na tisa aliezeka nyumba za watu, na mafundi wenzake walikuwa wakimtania kwamba huyu hata kitandani lazima ananing'inia, miguu juu kichwa chini. Kwenye paa hakuwahi kuteleza hata siku moja. Alianguka kutoka kwenye ngazi ya kupakia rangi, kipandio cha nne tu kutoka chini, mkononi ameshika kikombe cha chai, akatua kwa mgongo kwenye rundo la matofali. Jambo hilo lilimuudhi karibu sawa na kuumia kwenyewe. Fundi mzima wa mapaa anapokonywa miguu na ngazi ambayo hata mkwewe angeipanda!

Hayo yalitokea miaka miwili iliyopita. Daktari alimwonyesha kwa kidole mahali ambapo uti wa mgongo ulikatisha mawasiliano: chini kidogo ya chuchu, mstari ulionyooka kuzunguka kifua chote. Juu ya mstari ni Popo yuleyule, anasikia baridi, anasikia mbu, anasikia kola ya shati ikimkereketa. Chini ya mstari mwili upo, una joto, unaota kucha, lakini haumpi mwenyewe taarifa yoyote.

Mkewe alikuwa fundi cherehani na mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa hiyo nyumba ilikuwa na mafundi wawili, mmoja amestaafu bila kuaga. Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kelele zake sebuleni, Fundi alimgeuza mumewe ubavu, akachukua kioo cha mkono, akakagua ngozi ya makalio na visigino vile alivyokagua kitambaa kabla ya kukitia mkasi. Kama kuna wekundu, ilibidi alale upande mwingine siku nzima, maana mtu asiyesikia maumivu anaweza kutengeneza kidonda cha kufikia mfupa huku anasoma gazeti. Kisha alimwosha, akamwaga mfuko wa mkojo, akamvika suruali, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu na kumtandikia blanketi magotini. Mikono yake ilimgusa Popo mara mia kwa siku.

Na kila mara ilimgusa chini ya mstari. Huko juu Popo alijimudu mwenyewe, alinawa uso, alinyoa ndevu, alivaa shati. Kazi haikuwepo, kwa hiyo na mikono haikufika. Miaka miwili hakuna mtu aliyemgusa mahali anapoweza kusikia, ukiondoa daktari na stetoskopu yake ya baridi.

Tusifichane, mtu huyu alikuwa na hamu na mkewe. Wala hakuwa anawaza mambo makubwa. Alitaka mkono shingoni. Alitaka ule mkono uliompima mabega siku ya kwanza kabisa, alipoingia dukani kushonesha ovaroli, na fundi mwenyewe, binti mwenye futi shingoni na pini mdomoni, akampima mabega mara mbili. Mwaka mzima baada ya harusi ndipo alipokiri kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa sawasawa. Sasa binti yule alikuwa akisema, "Haya baba, tunageuka," kwa sauti ya wodini, na jina la Popo hajalitamka tangu hospitali.

Alhamisi hiyo alikuja dada yake Popo, dada mkubwa, mwanamke ambaye hajawahi kuingia nyumba ya mtu bila kuhamisha kiti. Alimkuta Fundi ameinama kwenye cherehani, mkono mmoja unashona na mwingine umeshika kiuno.

"Wifi, mgongo huo!" akasema, huku anakisukuma kigoda ukutani. "Mnataka tuwe na wawili wasioweza kusimama? Basi nimeshapata mtu. Mhudumu wa wodi, mzee mstaafu, ana mikono ya kazi hiyo. Jumatatu anaanza. Atalala chumbani na mgonjwa, wewe hamia huku kwenye cherehani upumzike."

Fundi alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Akamtazama mumewe, akasubiri. "Kama baba anaona ni sawa," akasema.

Chumba kile kilikuwa na vitanda viwili, cha kwake cha kunyanyuka na cha mkewe chembamba, na katikati yake nafasi ya kiti kupita. Haikuwa karibu sana, lakini alikuwa akimsikia anavyopumua. Angesema hapana, mambo yangeishia hapo. Lakini mgongo wa mkewe kweli ulikuwa umechoka, na kiburi chake nacho kilikuwa hakijavunjika pamoja na uti wake.

"Nyinyi mkishaamua, mimi ni nani?" akasema, akafungua gazeti.

Cherehani ikaanza tena, kwa kasi kuliko mwanzo.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Popo alilificha, na lilikuwa la aibu. Kila Jumamosi waliojeruhiwa uti wa mgongo walikutana kwenye ukumbi mdogo wa hospitali, uliokuwa zamani stoo ya mashuka. Aliyewafundisha alikuwa mwenzao, mtu mnene mwenye miaka kumi na tano kwenye kiti, waliyemwita Dereva kwa sababu aliwahi kuendesha malori na kwa sababu hata kiti chake alikiegesha kwa kurudi nyuma. Dereva alikuwa amemfundisha Popo kuhama kutoka kitini hadi kitandani kwa kutumia ubao laini, mtu anateleza juu yake kwa nguvu za mikono. Alimfundisha pia kujikagua ngozi kwa kioo chenye mpini mrefu na kuvaa suruali akiwa amelala. Popo, mwenye mikono iliyobeba mabati miaka kumi na tisa, alivijua vyote kwa wiki mbili.

Nyumbani akajitia hamnazo. Ubao alioazimwa alimwambia mkewe ni wa kuwekea gazeti. Mwezi mzima alijiachia kama gunia ili Fundi ambebe, kwa sababu wakati wa kubebwa lilitokea jambo moja dogo. Fundi alimshika kwa mkanda wa suruali, kama alivyofundishwa, akainama, na kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu shavu lake likapita karibu na sikio la Popo. Halikumgusa. Ilikuwa pumzi tu, ya moto, yenye harufu ya chai na uzi. Kwa ajili ya pumzi hiyo Popo alidanganya mwezi mzima, na kila alipomwona mkewe anajinyoosha kiuno aliapa kesho atasema ukweli. Halafu kesho ikifika anaogopa. Akijihudumia mwenyewe, mkewe atamkaribia kwa sababu gani? Na sasa anakuja mhudumu, ambaye angemaliza hata hicho kidogo.

Jumamosi wakaenda ukumbini kama kawaida. Fundi alimsukuma njia nzima na hawakuongea, maana anayesukuma na anayesukumwa hawaonani nyuso, na watu wasioonana nyuso ni rahisi kununiana. Mlangoni waliachana. Wenye viti waliingia chumba cha upande wa kulia na watu wao wa nyumbani cha upande wa kushoto.

Utaratibu wa pale ulikuwa wa pekee. Kila chumba kilikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kifuniko, na mwenye swali la kumshinda alilitumbukiza humo bila jina. Saa ya chai muuguzi wao, Sista, alibadilisha makopo. Maswali ya wenye viti yalijibiwa na watu wa nyumbani, na ya watu wa nyumbani yakajibiwa na wenye viti. Ilikuwa marufuku kucheka, na marufuku zaidi kuuliza swali ni la nani. Popo alikuwa na karatasi yake mfukoni wiki ya tatu sasa, imekunjwa hadi imelainika. Ilikuwa imeandikwa, "Nikijifunza kufanya kila kitu, mke wangu atanigusa kwa kazi gani?" Hata Jumamosi hiyo kopo lilipita mbele yake akalitazama tu.

Makopo yakabadilishwa. Dereva akachomoa ya kwanza, akasoma, "Mama yangu hataki kunywa maji ili asinisumbue kumwaga mkojo. Nifanyeje?"

"Mwambieni mama figo hazina huruma," akasema Dereva. "Maji machache, mkojo mchafu, homa, wodi. Huko ndiko kusumbua watu. Anywe. Nani ana la kuongeza?"

Mwalimu wa hesabu, aliyeumia kwenye ajali ya pikipiki, aliongeza kwamba mama apewe chupa yenye alama na apangiwe saa, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Dereva akachomoa ya pili.

Popo aliiona karatasi kabla haijafunguliwa. Ilikuwa ya kaki, ile inayochorewa vipimo vya nguo, na kingo zake zilikuwa na vijino vidogo pande zote. Imekatwa kwa mkasi wa meno. Moyo ulimgonga mbavu, zile za juu anazozisikia.

"Mume wangu hanitaki tena," Dereva akasoma, polepole, kwa sababu mwandiko ulikuwa wa chaki. "Mchana kutwa mimi ni nesi wake, hilo sina neno. Lakini jioni tukisikiliza redio natua unesi, nakaa pembeni yake, naweka mkono kwenye goti lake kama zamani. Nimeuweka miaka miwili. Hajawahi kuushika. Anafumba macho tu. Sasa wifi yangu kasema nihamie chumba kingine. Nilingoja mume wangu aseme hapana. Hakusema. Je, nihame?"

Mwalimu wa hesabu akavuta pumzi ya mtu mwenye jibu tayari. "Huyo bwana ana kiburi. Mke unaye, mkono anauweka mwenyewe, wewe unafumba macho? Wengine hapa wameachwa wodini."

"Goti?" akauliza mwanamke mmoja kwenye kona. Alikuwa mpishi wa hoteli kabla ya gari kumgonga, na kwa kawaida hakuongea. "Ameuweka kwenye goti? Mimi mwanangu alinilalia mapajani mpaka akaporomoka chini, ndipo nikasikia kishindo. Huyo bwana hana kiburi. Hajui."

"Lakini mke anajua mahali mumewe asiposikia," akasema Mwalimu. "Ndiye anayemwosha!"

"Akiwa anaosha anajua," akasema mpishi. "Akiwa anapenda, anasahau."

Popo alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa akijaribu kuhesabu jioni za miaka miwili na hesabu inamkataa. Kila jioni redio ikiwaka alifumba macho. Ilikuwa tabia yake ya siku nyingi, kwamba mtu ambaye mchana kutwa juu ya paa hathubutu kufumba jicho kwa kuogopa kuanguka, jioni ajilipe. Na kila jioni, hapo gotini, alikuwa ameguswa. Yeye aliyekuwa akiiba pumzi.

"Popo, una la kusema?" Dereva akamuuliza.

"Sina," akasema. "Ila naomba hiyo karatasi."

Haikuruhusiwa. Dereva alimtazama, akaitazama karatasi, akatazama vile vijino vya mkasi. Kisha akampa na kuchomoa swali lingine kama vile hakuna kilichotokea.

Jioni, saa ya mchezo wa redio, Fundi alifunika cherehani, akaiwasha redio, akavuta kigoda akakaa ubavuni mwa kiti cha mumewe. Popo akafumba macho, lakini si sana. Aliacha upenyo wa kope.

Mchezo ulikuwa umefika mahali ambapo mwenye nyumba anamfukuza mpangaji ndipo mkono ulipokuja. Ulianzia kwenye paja la Fundi mwenyewe, ukasita, ukavuka, ukatua kwenye goti juu ya blanketi. Kidole gumba kikasugua mara mbili. Fundi akamtazama usoni haraka, kisha akageukia redio, akabaki hivyo hivyo, ameketi wima, mkono umetulia mahali pake. Popo hakusikia kitu. Hata uzito hakuusikia. Aliuona tu, na kuuona peke yake kulimuuma kuliko chochote kilichomuuma tangu aanguke.

"Fundi," akasema. "Mkono wako uko wapi?"

Aliuondoa kama aliyeunguzwa. "Nilikuwa naweka blanketi vizuri."

"Urudishe."

"Umejuaje?"

"Leo nimefumbua macho. Mke wangu, miaka miwili nilikuwa sijui. Naapa kwa kila kitu. Ungekuwa umeniwekea kiazi hapo nisingejua."

Akatoa karatasi ya kaki, akaiweka juu ya blanketi. Fundi akaiona na uso ukambadilika. "Sista alisema hakuna atakayejua!"

"Sista hana kosa. Nani mwingine anaandika barua kwa chaki akaikata kwa mkasi wa meno?"

"Ndio uliokuwa karibu," akasema Fundi, akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio. Alilia kwa kujikaza, kiganja mdomoni, kama anavyoshika pini.

"Nipe hiyo chaki," akasema Popo.

Aliitoa mfukoni mwa aproni, bado haelewi. Popo akajipapasa kifua kwa kidole, akibonyeza kidogo kidogo kwenda chini mpaka mahali ambapo kidole kilipotea, kisha akachora mstari mweupe kwenye shati kutoka kwapa hadi kwapa.

"Shati hilo nimelifua jana!"

"Tulia. Chini ya hapa nilihama. Miaka miwili unabisha hodi kwenye nyumba niliyohama, na mimi nipo nyumba ya juu nakusubiri, nashangaa mbona hupiti." Akaushika mkono wa mkewe, akauinua, ukavuka mstari, akauweka shingoni chini ya sikio. "Siku hizi naishi huku. Ni padogo, lakini nipo."

Mkono ulikuwa wa baridi. Ncha ya kidole cha shahada ilikuwa ngumu, imejaa matundu ya sindano, na gumba lilikuwa na unga wa chaki. Hakuna kilichomponyoka. Popo alifumba macho, safari hii ili asikie, na machozi yakateremka mpaka yakaufikia mkono wa mkewe.

"Nilikuwa naogopa huku," akasema Fundi kwa sauti ndogo. "Nilidhani huku umejifungia mwenyewe. Popo, nilidhani umenichoka."

Jina hilo lilimpita mwilini, kwa ile sehemu iliyobaki, mpaka kwenye mzizi wa nywele. Akaona kwamba akiendelea kuficha sasa atakuwa mwizi kweli. Akapiga moyo konde.

"Mhudumu asije Jumatatu."

"Na mgongo wangu?"

"Nipishe." Akauchukua ubao wa gazeti, akasukuma kiti mpaka chumbani, Fundi nyuma yake. Akafunga breki, akaweka ncha moja ya ubao chini ya paja na nyingine kitandani, akainamisha kifua mbele. Fundi alisimama mikono wazi, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Popo akajisukuma mara tatu, akateleza, akakaa kitandani. Akaipandisha miguu kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, akaipanga.

Fundi akauchukua ule ubao, akaugeuza huku na huku. "Tangu lini?"

"Mwezi."

"Mwezi! Mwezi mzima nakubeba kama gunia la saruji, kiuno kinakatika, na wewe unanitazama tu?"

"Nilikuwa nangoja pumzi yako."

"Nini?"

"Ukinibeba unanipumulia hapa." Akagusa sikio. "Nilijua nikiweza peke yangu, hutanikaribia tena."

Fundi alimkazia macho. Akainua mkono akamchapa kofi la nguvu kwenye paja. Mlio ulijaa chumba kizima. Popo aliusikia kwa masikio tu.

Fundi akautazama mkono wake. Akalitazama paja, akautazama mstari wa chaki. Kisha akasogea karibu, akauinua mkono tena, akamchapa begani.

"Lile la kwanza limepotea njia," akasema. "Hili ndilo lako."

Bega liliwaka moto mpaka shingoni.

"Ongeza," akasema Popo.